Siku 120 za hukumu ya SHA, hii bima mpya ya afya, zimeisha Jumamosi. Sasa nalipa au silipi?

BiMahamri_Mkomani
Jumatano 13 Novemba 2024, saa 3:12 usiku

Assalaam alaykum jamaa. Mchana sipati nafasi ya kushika simu, ndiyo naandika saa hizi unga ukiumuka.

Mimi nauza mahamri na mbaazi hapa Mkomani, Lamu, tangu watu wanapotoka msikitini alfajiri mpaka saa tatu asubuhi. NHIF, ile bima ya zamani, nimelipa kila mwezi tangu 2013, na tangu 2015 ikawa shilingi 500. Mwaka wa korona nilikosa miezi minne, nikailipa baadaye pamoja na faini yake. Kadi ninayo mpaka leo, nimeitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya watoto.

Baba watoto ana kisukari. Wiki ya pili ya Oktoba kidonda cha mguuni kikaanza kutoa harufu, tukaenda hospitali moja ya huku kwetu. Pale dirishani kijana akaniambia, "Mama, NHIF ilikufa tarehe moja. Leta SHA." Nikamwuliza kadi yangu ya miaka kumi na moja je? Akasema iweke ukumbusho. Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka, foleni ilikuwa imefika nje.

Basi tukajiandikisha palepale kwenye benchi, mpwa wangu ndiye aliyeshika simu, *147#. Akaanza kunisomea maswali. Mnaishi wangapi? Maji mnapata wapi? Choo ni cha aina gani? Kuta za nyumba ni za nini? Nikasema mawe, kwani nidanganye? Nyumba yenyewe ilijengwa na babu yake bibi yangu, mawe ya matumbawe na chokaa, boriti juu, vidaka ukutani. Ghorofa ya juu inavuja hatulali huko tena. Tunairithi watu tisa na hakuna mwenye pesa za kuitengeneza. Mtalii akipita anapiga picha ya mlango. Nyumba ni ya mawe lakini mifuko ni ya makuti.

Jibu likaja: 850 kwa mwezi. Na si kwa mwezi kweli, unalipa ya mwaka mzima kwa mpigo, yaani 10,200. Mpwa wangu akapiga hesabu, akasema wanachukua asilimia 2.75 ya mapato, na 850 ni asilimia hiyo ya kama elfu thelathini na moja, kwa hiyo mashine inaamini hizo ndizo pesa zinazoingia kwangu kila mwezi. Nilicheka mpaka mwenye kidonda akacheka. Siku ile nililipa 4,300 taslimu, pesa ya unga.

Sasa maswali yangu:

Nilisikia kwa masikio yangu redioni mwezi wa Julai kwamba Mahakama Kuu imeibatilisha sheria hii na Bunge limepewa siku 120 kuirekebisha. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani, zimeisha Jumamosi tarehe 9. Bunge sijasikia limerekebisha kitu. Je, sheria si imekufa? Mbona bado nadaiwa?

La pili, nimekwenda ofisi moja hapa mjini kutafuta cheti cha afya cha wauza chakula. Karani akaniambia bila kuonyesha kwamba SHA imelipwa nisipoteze wakati wake. Hiyo ni haki?

---

Mtega_Madema
Jumatano, saa 3:40 usiku

Usilipe hata ndururu. Mahakama imesema batili, batili ni batili. Kizingitini hapa hakuna aliyelipa, na samaki wanaendelea kuvuliwa.

---

KaraniMstaafu_Malindi
Jumatano, saa 4:55 usiku

Mtega Madema, pole pole. Wewe huna kidonda mguuni.

Bi Mahamri, wa alaykum salaam, na mgonjwa apoe. Nimekaa nyuma ya kaunta ya mahakama miaka 31, nikipokea karatasi na kugonga mihuri. Mimi si wakili, nimewatia mawakili wengi chai tu. Lakini kesi hii nimeifuata tangu ilipoanza, maana mstaafu hana kazi nyingine.

Hesabu yako ya siku ni sahihi kabisa, tarehe 9 ndiyo siku ya 120. Ila saa yenyewe ilisimamishwa kabla haijafika. Ngoja nikupe mtiririko.

Rais alitia saini Oktoba 2023, na sheria zilizofikishwa mahakamani ni tatu kwa pamoja: ya Bima ya Afya ya Jamii, ya Huduma za Afya ya Msingi, na ya Afya Dijitali. Novemba mwaka huohuo mwananchi mmoja akaenda Mahakama Kuu Nairobi, na Jaji Chacha Mwita akatoa amri za muda kuzizuia zote. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikalegeza, ikaruhusu sheria ziendelee isipokuwa vifungu vitatu. Hivyo vitatu vikumbuke, kimoja ndicho kinachokusumbua pale ofisini.

Kisha tarehe 12 Julai 2024 ndipo hukumu yenyewe. Majaji watatu, Mabeya, Limo na Mugambi, wakasema sheria zote tatu zinakwenda kinyume na Katiba, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa kabla ya kutungwa. Lakini hawakuzizima siku ileile. Wakasema tunaahirisha makali ya hukumu siku 120, Bunge likawaelimishe watu, likawasikilize, na lile linalokera liondolewe. Hapo ndipo redio yako ilipoishia.

Redio ilikupa nusu. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 20 Septemba Mahakama ya Rufaa ikatoa amri ya kusitisha utekelezaji wa ile hukumu mpaka rufaa isikilizwe. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 1 Oktoba, SHA ikaanza kazi na NHIF ikafungwa. Ndiyo ukaambiwa imekufa.

Watu wengi wanakwama hapa kwenye neno "kusitisha". Mahakama ya Rufaa haijasema majaji watatu walikosea, wala haijasema walipatia. Ukiomba amri ile unatakiwa kuonyesha mambo mawili: kwamba rufaa yako si ya mzaha, ina hoja ya kusikilizwa, na kwamba hukumu ikitekelezwa sasa basi hata ukishinda kesho ushindi hautakuwa na maana. Katika kesi za umma hutazamwa pia maslahi ya watu wote, na hapa ilikuwa hofu ya pengo: sheria ya NHIF imefutwa, ya SHA izimwe, mgonjwa wa figo aende wapi?

Wewe ni mtu wa Amu, nitakwambia kwa lugha ya bahari. Hukumu ya Julai haikuzama. Imetiwa nanga. Ipo palepale, unaiona, lakini haisafiri. Na zile siku 120 zilikuwa abiria ndani ya chombo hichohicho, nazo hazisongi.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: leo tarehe 13 Novemba sheria ya SHA inafanya kazi, na anayekudai 850 anakudai kwa sheria hai. Unaweza kuichukia. Mimi mwenyewe siipendi vile ilivyopitishwa.

Lile la cheti nitalijibu kesho, macho yameanza kuona herufi mbilimbili.

---

Mtega_Madema
Alhamisi 14 Novemba, saa 11:20 alfajiri

Mzee Karani shikamoo. Sikubishii, wewe ndiye uliyekaa na mafaili. Lakini acha nikueleze kwa nini sisi huku neno "kushirikisha wananchi" linatuuma.

Bandari ilipoanza kujengwa Kililana, wavuvi walikwenda mahakamani 2012. Hukumu ilitoka 2018, Mahakama Kuu ikasema watu hawakushirikishwa, haki ya mazingira imevunjwa, wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Miaka sita! Mjomba wangu aliyenifundisha kusuka madema alikuwa kwenye orodha. Alifariki 2016. Kila nikisikia "mpaka rufaa isikilizwe" namwona yeye ameketi barazani anauliza, vipi, wamesema nini?

Na ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe Kwasasi mnaukumbuka. Mikutano ilikuwapo, viti vya plastiki, soda, watu wakapigwa picha. Juni 2019 baraza la mazingira likafuta kibali, likasema mikutano ilifanywa kabla ya utafiti kukamilika, na ripoti ilipotoka hakuna aliyerudi kuwaeleza watu kilichomo. Yaani ukinialika harusi halafu ukafunga ndoa kabla sijafika, umenialika?

Kwa hiyo majaji watatu mimi nawaelewa. SHA ilipokuwa mswada, nani alikuja Kizingitini kuuliza mvuvi anapata ngapi msimu wa kusi, bahari ikichafuka na chombo hakitoki? Asilimia 2.75 ya nini? Ya Julai au ya Desemba? Mwenye mshahara pesa yake haijui upepo.

---

BiMahamri_Mkomani
Alhamisi, saa 4:05 asubuhi

Nimefunga meza sasa hivi. Mzee Karani ahsante, hiyo ya nanga nimewasomea wateja, mmoja akasema basi na mimi nitie nanga nisilipe 😂

Mtega Madema, Mungu amrehemu mjomba. La upepo ni kweli tupu. Mwezi wa Ramadhani siuzi mahamri asubuhi hata moja, nauza jioni kidogo tu. Hakuna aliyeniuliza hilo. Waliuliza ukuta.

Nangoja la cheti.

---

Mwalimu_Shela
Alhamisi, saa 7:30 mchana

Nichomeke moja. Hata Marekani walipelekana mahakamani kwa jambo hilihili. Sheria ya Obama ililazimisha watu wawe na bima, asiyekuwa nayo atozwe. Juni 2012 Mahakama ya Juu yao ikaipitisha kwa majaji watano dhidi ya wanne, na Jaji Mkuu John Roberts akaiokoa kwa kusema ile faini ihesabiwe kuwa kodi, na kodi Bunge lina mamlaka ya kutoza. Afrika Kusini nako Rais Ramaphosa ametia saini sheria yao ya bima ya afya Mei mwaka huu na watu wameshakimbilia mahakamani. Kwa hiyo msione kama ni sisi tu.

---

KaraniMstaafu_Malindi
Alhamisi, saa 10:15 alasiri

Mwalimu, mfano mzuri ila kesi yao na yetu hazifanani kiunoni. Wao waligombania kama serikali ina uwezo wa kukulazimisha ununue kitu. Sisi kinachogombaniwa zaidi ni namna ilivyotungwa, mlango ulifunguliwa au haukufunguliwa. Katiba yetu ya 2010 imeutaja ushirikishwaji wa umma kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, kifungu cha 10, na kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liufanikishe.

Ila nisiwape matumaini ya bure. Wiki mbili zilizopita, tarehe 29 Oktoba, Mahakama ya Juu iliifufua Sheria ya Fedha ya 2023 ambayo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeizika Julai, na hoja ya ushirikishwaji ilikuwamo humo pia. Mawakili wa serikali katika kesi ya SHA watakuja na hukumu hiyo kwapani, hilo halina shaka.

Sasa cheti chako, Bi Mahamri.

Vile vifungu vitatu nilivyokwambia uvikumbuke ni 26(5), 27(4) na 47(3) vya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii. Cha 47(3) ni cha kila Mkenya kupewa utambulisho wake wa pekee kwa ajili ya huduma za afya, tukiache. Cha 27(4) kinasema utatibiwa chini ya sheria hiyo ikiwa tu michango yako imelipwa na iko hai. Na 26(5) ndicho chako: anayetaka huduma ya serikali kuu au ya kaunti aonyeshe kwanza kwamba amejiandikisha na amechangia.

Kisome tena uone ukali wake. Ukitaka leseni, ukitaka cheti, onyesha SHA. Januari Mahakama ya Rufaa ilipolegeza mengine yote, hivi vitatu ilivikatalia. Na Julai majaji watatu wakaviona ni miongoni mwa vinavyotakiwa kurekebishwa. Kwa hiyo karani aliyekufukuza anasimama juu ya ubao ambao mahakama mbili zimeugonga zikasikia unalia.

Ushauri wangu ni wa kikarani. Usigombane naye. Rudi, uvae vizuri, umwambie hivi: "Mwanangu, naomba uniandikie hapa kwamba umenikatalia cheti, na uniandikie ni kifungu gani." Mpe na kalamu. Miaka 31 nimeona watu wenye midomo mikali, lakini ukiwaambia waandike jina lao chini ya neno "nimekataa", mikono inakuwa mizito.

Akiandika, karatasi hiyo ni mali. Kifungu cha 22 cha Katiba kinampa mtu yeyote haki ya kwenda mahakamani haki yake ikivunjwa, na kufungua kesi ya namna hiyo hakuna ada. Tumewahi kupokea ombi lililoandikwa kwa mkono, karatasi ya daftari la shule.

Na jambo moja uliweke kichwani kwa ajili ya mgonjwa: kifungu cha 43(2), hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hicho ni cha Katiba, hakina "ikiwa amelipa". Kidonda cha kusafishwa si dharura. Lakini sukari ikipanda usiku akapoteza fahamu, usikubali kusimamishwa dirishani kuulizwa SHA.

---

DadaWaAfya_Matondoni
Alhamisi, saa 2:20 usiku

Samahani kuingilia wakubwa. Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii, hii SHA ndiyo inayonitembeza nyumba kwa nyumba jua kali.

Shangazi, mnachanganya vitu viwili, kujiandikisha na kulipa. Kujiandikisha ni bure na wewe tayari umeshajiandikisha. Zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi, pesa ya serikali. Mtu aliyejiandikisha anahudumiwa hapo hata kama hajalipa ile ya mwaka. Ile 10,200 ni ya bima ya hospitali kubwa, ngazi ya 4 kwenda juu. Kwa hiyo kidonda cha mumeo kusafishwa na kufungwa, mpeleke zahanati. Nenda mapema, vifaa vya kufungia vikiisha vimeisha.

Pia angalia kama jina lake limeingia chini yako kama mume. Nimekuta nyumba nyingi mke amejiandikisha peke yake akidhani wote wameingia.

Na kuhusu 850, nenda ofisi yao uombe wayapitie majibu yako upya. Nimeona mtu alijibu idadi ya watu wa chumba chake badala ya nyumba nzima. Kima cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka.

---

BiMahamri_Mkomani
Alhamisi, saa 3:00 usiku

Subhanallah. Nimemwamsha mpwa. Baba watoto hayumo! Niko mimi na watoto wawili wa mwisho. Na pale pa watu wanaoishi tuliandika wanne, tuko saba, wale watatu wa marehemu dadangu tuliwasahau kwa ile pupa ya benchini.

Dada, Mungu akuzidishie.

---

Mtega_Madema
Alhamisi, saa 3:15 usiku

Sasa mimi nauliza, akilipa hiyo 3,600 au 10,200, halafu rufaa iangukie upande wa wananchi, anarudishiwa?

---

KaraniMstaafu_Malindi
Alhamisi, saa 4:02 usiku

Nilijua litakuja. Mtega Madema, tazama majaji watatu walivyofanya Julai. Waliiona sheria ina kasoro tangu msingi, na bado waliipa siku 120. Hawakusema kila mtu arudishiwe chake. Mahakama ikigusa bima inagusa mtu aliyelala kitandani na mpira wa dripu mkononi, kwa hiyo inakwenda kwa ncha za vidole. Anayelipa leo alipe kwa hesabu ya matibabu ya leo. Akilipa kama mtu anayeweka akiba ya kurudishiwa, ataumia moyo.

Na rufaa hii ikishaamuliwa, atakayeshindwa ana Mahakama ya Juu mbele yake. Suala la kufasiri Katiba linafika huko kwa haki, halihitaji kibali. Wewe umeshaona miaka sita ya bandari, huhitaji mimi nikuelezee.

---

BiMahamri_Mkomani
Jumatatu 18 Novemba, saa 5:30 asubuhi

Nimerudi kuwapa habari.

Ijumaa nilikwenda ile ofisi. Nimevaa buibui jipya kama nilivyoagizwa, kalamu mkononi. Karani ni yuleyule. Nikamwomba aniandikie kwamba amekataa na aandike kifungu. Akaniangalia, akaangalia kalamu. Akaingia ndani, akakaa kama dakika kumi. Akatoka na fomu, akasema, "Jaza hapa, Bi." Neno SHA halikutajwa tena. Nikamsikia anamwambia anayefuata nyuma yangu alete SHA. Yule naye ni jirani yangu wa Langoni, nikamwachia kalamu.

Zahanati tumekwenda jana na leo, kidonda kimefungwa, hatukutoa pesa. Harufu imepungua.

Ile ya kupitiwa upya bado. Mume ameingizwa, watoto wote wameingizwa, tumeambiwa tungoje ujumbe. Pale pa ukuta nilimwomba kijana aandike kwamba mawe ni ya urithi na juu kunavuja. Akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Nafasi ya kuandika maneno haipo, kuna kuchagua tu: udongo, mbao, mabati, mawe.

---

Mtega_Madema
Jumatatu, saa 6:10 mchana

Ungechagua mabati.

---

BiMahamri_Mkomani
Jumatatu, saa 6:14 mchana

Na babu yake bibi anisikie?